Sahani Zilirudi Safi

Nawaandikia wakamwana. Wengine wakisoma sitawafukuza, lakini ninayemwona akilini ni mwanamke aliyeolewa katika ukoo unaoshika mwiko wa mkwe, anayeshinda nyumbani na mzee asiyeruhusiwa kumtazama, na ambaye ameanza kuhisi kwamba mzee huyo anabadilika. Baba mkwe wangu alibadilika hivyo. Alikaribia kufa njaa katika nyumba yenye chakula. Hakuna aliyemfanyia ukatili. Sote tulikuwa na adabu tu. Sasa amelala kaburini, kijijini kwao Ikinga, na mimi nimepata utulivu wa kuyapanga mambo yale kama yalivyofuatana.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Tunduma, kwa Wanamwanga wa mpakani, na nusu ya ndugu zangu wako ng'ambo, Nakonde. Shule niliishia darasa la saba. Baada ya hapo nimejisomea mwenyewe: vitabu vya wanafunzi waliokwisha kuhitimu, vijitabu vya kliniki, na kamusi moja ambayo jalada lake nililishona upya kwa kitenge. Niliolewa na Lusekelo, fundi wa matairi kwenye maegesho ya malori. Yeye ni Mndali, mtu wa milima ya Ileje. Mama yake alipofariki tulimleta baba yake aishi nasi, katika chumba kilicho upande wa pili wa ua.

Kwa Wandali wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawapishani njiani. Ukimsikia anakuja unajitanda kitenge na kutoka barabarani hadi apite. Nilipoolewa nilidhani ni chuki. Wifi yangu Tusekile, dada wa mume wangu, alinirekebisha. "Hii ni heshima kubwa kuliko ya kanisani, wifi," aliniambia. "Kanisani unaruhusiwa kuinua macho."

Basi nilimjua kwa sauti. Kabla ya kuvuka ua alikohoa, kikohozi kikavu cha kubisha hodi, nami nikajiondoa. Alikuwa msukaji wa matenga ya mianzi, yale ambayo wafanyabiashara wa sokoni hupakia nyanya, na asubuhi nilianza kazi yangu nikisikia mianzi ikipasuka upande wa pili wa ukuta. Cherehani yangu ilisema, mianzi yake ikajibu. Mchana, watoto wakiwa shuleni, nilimwekea chakula kwenye kigoda mlangoni pake, nikapiga makofi mawili, nikaondoka. Akimaliza aligonga ukuta kwa fimbo na kuingia ndani, ndipo nilipoifuata sahani. Miaka mingi tuliishi hivyo, kama watu wawili wanaoota ndoto moja katika vyumba tofauti.

*

Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao ukungu hushuka Tunduma na kukaa hadi saa nne, malori yakawa vivuli na watu wakawa sauti tu. Labda ndiyo sababu niligundua mapema kuliko wengine. Katika ukungu kila mtu alikuwa anaishi kama nilivyokuwa nikiishi mimi.

Mianzi ilikuwa inapasuka kama kawaida, lakini matenga hayakutoka. Mnunuzi mmoja alikuja mara ya pili, akaondoka mikono mitupu akinung'unika. Jioni Lusekelo alikuja jikoni na kitu mkononi. Kilikuwa ubavu wa tenga, umesukwa vizuri, umekazwa, kingo zimekunjwa kwa ustadi. Ila hakikuwa na kitako. Tenga huanzia kitakoni. Hata mimi nisiyejua kusuka najua. Alikiinua, nami nikamwona mume wangu kupitia lile duara, amesimama upande wa pili.

"Yako mengine kama hili huko ndani," alisema. "Amejaza kona."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema ni matenga."

Lusekelo alisema ni uzee. Mimi nilitaka kipimo, kwa sababu fundi hakati kitambaa kwa kukisia. Kipimo nilikipata kwa jirani yetu, Mzee Simwinga, aliyelingana umri na baba mkwe, na ambaye alikuja karibu kila siku kuota naye jua. Mazungumzo yao niliyasikia nikiwa kwenye cherehani.

"Wewe Mndali," Mzee Simwinga alisema siku moja, "nimekuja kukuambia neno, na neno lenyewe limenipotea hapo mlangoni."

"Lilikuwa la maana?"

"Lingekuwa la maana lingekuja kwako? Ningelipeleka kwa watu."

Wakacheka. Wakaongea habari za mvua. Halafu, muda mrefu baadaye, Mzee Simwinga akapiga paja. "Mbuzi! Mbuzi wangu amezaa mapacha!"

Huo ulikuwa uzee. Mzee Simwinga aliwaita wanangu kwa majina ya wajukuu zake, akaacha kofia yake kila alipokwenda, akatafuta neno kama mtu anayetafuta sindano kwenye sakafu. Lakini alijua kuwa kuna kitu kimeanguka. Aliinama, akapapasa, akacheka, na mara nyingi akakipata. Baba mkwe hakuinama. Kesho yake Mzee Simwinga alipomtania kuhusu mbuzi wale mapacha, baba mkwe aliuliza, kwa upole kabisa, "Una mbuzi?" Na siku iliyofuata aliuliza tena, kwa upole uleule. Sauti yake haikuwa na mashaka wala aibu. Ilikuwa sauti ya mtu anayesikia jambo mara ya kwanza.

Halafu akaacha kukohoa.

*

Asubuhi ile nilikuwa nakoroga uji, nimeupa mlango mgongo. Sikusikia chochote. Niliona tu mikono miwili ya mtu mzee ikinyooshwa kuelekea moto, kando yangu, kutoka kwenye moshi. Mikono ile sikuwa nimewahi kuiona karibu. Ilikuwa na makovu madogo meupe ya mianzi.

"Mama," alisema kwa Kindali, "uji bado?"

Nilivuta kitenge nikafunika kichwa na uso, nikajibana ukutani nyuma ya mlango. Naye akakaa kwenye kigoda changu, akaota moto, akangoja uji kwa utulivu wa mtoto. Lusekelo alipomkuta hapo alimwongoza nje, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye baridi ile.

Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wasio na mwiko huu wasingelifanya. Mzee ameingia jikoni kwa mkwewe. Sisi hatukuona ugonjwa, tuliona kesi. Kikao kiliitishwa: Lusekelo, wifi Tusekile, na Mzee Simwinga kama rika lake. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta. Baba mkwe alihukumiwa kutoa kuku, akatoa, akaomba radhi kwa maneno mazuri. Baada ya siku chache aliingia tena jikoni, akakaa kigodani, akauliza uji.

Kikao cha pili wifi Tusekile alikuja amekasirika. Majirani walishaanza kunong'ona. Wengine walisema mzee ana nia mbaya, wengine kwamba mimi ndiye niliyemwekea kitu kwenye chakula. Mzee Simwinga aliona aibu kumshtaki mwenzake waziwazi, akaizungusha habari kama wafanyavyo wazee.

"Mndali, kuna mzee mmoja hapa mtaani," alisema. "Anaingia jikoni kwa mkwewe, anakaa kwenye kigoda chake. Mtu kama huyo tumfanyeje?"

Baba mkwe akaongea, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake ilikuwa kamili, ya mkuu wa ukoo.

"Jikoni? Kwa mkwewe? Kuku hatoshi huyo! Mtozeni ng'ombe. Na asipokoma, mfukuzeni. Anawavunjia watoto nyumba." Kisha akauliza, "Ni mtu wa wapi?"

Nilisikia kigoda kikisogezwa. Nilisikia wifi Tusekile akitoka nje, na huko nje akipenga kamasi. Mimi nilibaki nimeegemeza paji la uso ukutani. Mtu anayedanganya hujihurumia katika hukumu. Yeye hakujihurumia hata kidogo, kwa kuwa katika ile habari hakujiona. Jioni nilimwambia mume wangu: "Baba hana kesi. Baba anaumwa. Tumpeleke hospitali."

*

Tulikwenda kwanza hospitali ya wilaya, wakatibu malaria ambayo ilikuwepo kweli, wakampa vidonge vya shinikizo la damu, wakatuandikia tukamwone daktari Mbeya. Ilikuwa miezi ya mahindi kukauka mashambani. Kwenye basi mimi nilikaa kiti cha nyuma, wao mbele. Nilitazama kisogo chake kikiyumba na milima ya Mbozi ikipita dirishani, kahawa, migomba, kahawa tena, na nikawaza kwamba ninasafiri na mtu ambaye sijui ana macho ya namna gani.

Korido ya kungojea ilikuwa ndefu, benchi zimepangwa ukutani. Nilikaa mwisho kabisa, nimegeukia dirisha. Lusekelo alikwenda kupanga foleni ya kadi. Kando ya baba mkwe alikuwa ameketi mama mmoja mnene aliyetoka Mkwajuni na mumewe aliyevunjika mguu machimboni. Nilimsikia akimenya ndizi.

"Karibu, baba. Shika. Eeh, hivyo hivyo. Uma." Halafu: "Nyingine? Haya, shika nyingine." Halafu sauti yake ikashuka. "Jamani. Baba huyu ana njaa. Nyumbani kwake nani anamlisha?"

Sikugeuka. Nilijiambia kwamba safari ndefu humtia mtu njaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Mlango wake ulikuwa wazi, nikasikia yote. Alimuuliza mzee mwaka, akajibu habari za mvua. Alimuuliza yuko wapi, akasema yuko kwa dada yake, Ikinga. Alimpima uzito, akampima tena.

"Nani anashinda naye nyumbani?"

"Mke wangu," Lusekelo alijibu. "Yuko nje."

"Mwite aingie."

"Hawezi kuingia, daktari."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ni mkwewe."

Daktari alicheka kidogo, bila dharau. "Mimi kwetu Rungwe. Bibi yangu alikuwa anaruka mitaro kumkwepa baba mkwe wake." Akatoka mwenyewe koridoni, akaja kukaa kando yangu kwenye benchi.

"Mama, baba anakula?"

"Anakula. Sahani hurudi safi."

"Umemwona akila?"

"Sijawahi kumwona akila. Sahani hurudi safi, daktari. Kila siku."

"Ninakuuliza habari za mtu," alisema taratibu, "wewe unanijibu habari za sahani."

Tulilala Mbeya kwa ndugu, tukangoja majibu ya damu na mkojo. Daktari alisema hakuona kitu kingine kinacholeta hali ile. Alisema si uzee mtupu. Ni ugonjwa wa ubongo, na utaendelea. Maneno yake ya mwisho niliyashika kama yalivyo: "Wa kichwa sina dawa ya kuurudisha nyuma. Lakini baba yenu anakonda kwa njaa, na dawa ya njaa mnayo nyumbani."

*

Nina kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia wakijaribu nguo. Tuliporudi nilikisogeza dirishani, nikakiinamisha hadi kikaonyesha mlango wa baba mkwe. Kumtazama mkwe ni mwiko. Kutazama kioo, nilijiambia, ni kazi ya fundi.

Nilimwekea ugali, maharage na mchicha, nikapiga makofi, nikarudi kwenye kioo. Alitoka. Sikumwona uso, alikuwa ameinama. Aliketi mbele ya sahani, akanyoosha mikono juu yake na kuiacha hapo, akiota mvuke kama anavyoota moto. Alikaa hivyo muda mrefu. Mikono ilishuka kidogo, ikarudi juu. Ilikuwa kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba aliyoizoea na hakumbuki kama unasukumwa au unavutwa.

Kuku walikuja. Kwanza mmoja, akadonoa pembeni. Kisha wote. Baba mkwe aliwatazama kwa wema. Baadaye mbwa wa jirani akapita, akalamba kilichobaki hadi sahani ya bati ikang'aa. Kisha mzee akashika fimbo yake, akagonga ukuta kwa adabu, kama alivyogonga miaka yote, kuniarifu kwamba amemaliza.

Nilikaa chini, sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa. Kula kulikuwa kumeondoka. Kunishukuru kulikuwa kumebaki.

Kuanzia siku hiyo Lusekelo alimlisha asubuhi kabla ya kwenda kwenye matairi, na jioni akirudi. Alikuwa mlishaji mbaya, mwenye haraka na huzuni. Mchana hapakuwa na mtu. Mzee alihitaji kula kidogo kidogo mara nyingi, na mtu wa mchana nilikuwa mimi peke yangu. Nilisema nitamlisha kwa mkono wangu.

Wifi Tusekile aliacha meza yake sokoni akaja mbio. "Ukimshika baba, wifi, umeuvua nguo ukoo mzima. Bora tumrudishe Ikinga kwa Shangazi."

"Shangazi yenu mwenyewe anatembelea mkongojo, na nyumba yake iko ukingoni mwa bonde. Baba akizurura, atamkimbilia?"

"Afadhali afe kwa heshima."

"Wifi, njaa ina heshima gani?"

Lusekelo alisimama katikati yetu, na mafuta meusi ya kazi mikononi, hakumtetea yeyote. Siku nyingi alichelewa kurudi. Nilikuwa ninaelewa: kuoza kwa mwiko na kuoza kwa baba yake vilimfikia pamoja.

Njia moja ilikuwepo. Kwao mwiko unaweza kufunguliwa. Mzee mwenyewe, mbele ya ukoo, humpa mkamwana zawadi kwa mkono wake, na kuanzia hapo wanaweza kuonana na kuhudumiana. Lakini ni lazima atoe yeye. Na wifi Tusekile alisema: "Zawadi ya mtu asiyejua kwamba anatoa ni wizi."

*

Shangazi alikuja na mvua za kwanza. Ni dada mkubwa wa baba mkwe, mwanamke mdogo wa umbo, aliyekauka, na macho yake yalikuwa makali. Alikaa na kaka yake asubuhi nzima. Alimuimbia kitu kwa Kindali, naye akaitikia, maneno yote, bila kukosea hata moja. Kisha akamuuliza, "Mimi ni nani?" Akajibu kwamba hamfahamu ila anamkaribisha.

Alasiri tulikaa. Wao walikuwa barazani. Mimi nilikuwa nje, chini ya ukingo wa bati, nimewapa mgongo na kujitanda kichwa, kama inavyopasa. Shangazi alikuwa amenunua shuka nzito. Alimwekea kaka yake mikononi.

"Kaka, kuna binti hapa amekupikia miaka mingi. Mpe hii."

Nilisikia akiipapasa shuka. Aliikunjua, akaikunja. "Aliyeifuma hii ana mkono," alisema. "Ona pindo."

"Ndiyo. Sasa mpe binti."

"Binti gani?"

"Huyo hapo nje."

Mzee akaanza tena kulisifu pindo. Lusekelo alimwelekeza, Shangazi akamwelekeza, na kila mara maneno yalimfikia yakapita kama gari lisilo na kituo hapo. Wifi Tusekile alisema kwa sauti ndogo, "Si nilisema." Hakukuwa na ushindi katika sauti yake.

Mvua ikaanza. Siyo ile ya kuogopesha. Ile nene, laini, inayoshuka wima. Ukingo wa bati ni mfupi. Nililowa mabega, nikalowa mgongo, sikuondoka, kwa sababu kikao hakikuwa kimefungwa na sikujua ningesimama upande gani wa maisha yangu kama kingefungwa hivyo. Nilianza kutetemeka. Nilisikia kigoda kikilia, nyayo zikiburuzika. Sauti ya baba mkwe ikasema juu ya kichwa changu, kwa ukali wa mzazi:

"Nyie watu mnaongea tu, mtoto analowa!"

Shuka ikaniangukia mabegani. Akaiweka sawa upande wa kushoto, kisha wa kulia, akaivuta shingoni, akabana pindo lake kama mtu anayefunga mdomo wa tenga.

"Hajui ni nani," alisema wifi Tusekile hatimaye. Alikuwa analia. "Shangazi, hajui kuwa ni mkwewe."

"Na angejua?" Shangazi aliuliza. "Angejua ni mkwewe, angemwacha alowe. Sote tulikuwa tunajua, nani kati yetu ameinuka?" Akagonga mkongojo sakafuni. "Ametoa. Mwanangu, geuka, umwone baba yako."

Niligeuka. Miaka yote nilikuwa nimeitengenezea ile sauti uso mpana, wenye mashavu na taya. Uso wenyewe ulikuwa mdogo, umechongoka, masikio yamesimama kama ya mwanangu wa pili. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu, na yalinitazama kwa udadisi mwingi.

"Ingia ndani," aliniambia. "Utapata homa."

*

Aliishi kwetu mvua za mwaka ule na za mwaka uliofuata, na kiangazi kirefu kati yake. Sitasema alipona. Maneno yaliondoka kwanza yale ya Kiswahili, kisha mengi ya Kindali. Miguu ilifuata. Kuna wiki ambazo alinisukuma, akanitemea, akalia kumwita mama yake. Lakini nilikuwa nimezichukua suruali zake na kuzipunguza kiuno alipokuwa anakonda. Kabla mahindi mabichi hayajaisha niliifumua ile mishono na kuzirudishia upana wake. Hiyo ndiyo furaha ya fundi, siwezi kuieleza kwa mwingine.

Nilijifunza hivi, na ndivyo ninavyokuachia. Usimwekee sahani ukaondoka. Kaa mbele yake na ule pia, maana mkono wake unaweza kufuata wako hata pale akili haifuati neno. Weka chakula kimoja kwa wakati, maana viwili vinamchanganya. Mtie kijiko mkononi, uanze naye mwendo wa kwanza, mara nyingi wa pili ataumaliza mwenyewe. Na usimuulize "Unanikumbuka?" Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, nami nilijua ni bahati gani niliyonayo. Lusekelo na dada yake kila siku walikuwa wanampoteza mtu. Mimi ndio kwanza nilikuwa nampata. Mchana, ukungu ukiwa umeinuka, tulikaa mlangoni pake, nami nikamweleza bei za vitambaa, na wateja wangu kutoka Nakonde wakipita wakatuamkia kwa Kibemba, "Mulishani," naye akaitikia kwa heshima kitu chochote kilichomjia.

Tusekile hakukanyaga kwetu msimu mzima. Alituma ndizi, alituma sabuni, yeye hakuja. Alikuja kiangazi kikiwa kinaisha, wakati jina la mtu yeyote halikusimama tena kinywani mwa baba yake. Alisimama ukutani akitazama nikimlisha uji. Alitazama hadi bakuli likafika nusu.

"Nionyeshe," alisema.

Nilimpisha kigoda, nikampa kijiko. Aliteka, akampa, mzee akapokea. Akateka tena haraka, akakipeleka, na mzee akafunga midomo akageuza uso. Uji ukadondokea gauni la Tusekile.

"Hanitaki, wifi. Anakutaka wewe."

"Anakutaka. Hajameza bado."

"Muda wote huu?"

"Mtazame hapa." Nilimwonyesha koo la baba yake, lile tufe dogo chini ya ngozi iliyolegea. "Usiangalie kijiko. Angalia hapa. Likipanda na kushuka, ndipo umpe."

Akashusha kijiko. Tukakaa, wanawake wawili tumelikodolea macho koo la mzee mmoja. Lori lilipita barabarani. Vumbi lilipanda, likashuka. Koo halikusogea. Tusekile alinitazama, nikatikisa kichwa: bado. Kisha likapanda, taratibu sana, likashuka.

"Sasa," nikamwambia.